Safari ya Mafia Iliyoishia Mikumi

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Najua huwezi kuitikia, lakini kuanza kuongea na wewe bila kukuamkia ulimi unakataa. Niko nyumbani Chanzuru, chumbani mwako. Mvua imejaza njia na tangu asubuhi hajapita mtu. Haya nimeamua wayasome na wengine, maana najua wapo waliofungiwa ndani na mgonjwa wanayempenda, na hawana wa kumwambia.

Ulivua kambale mto Mkondoa, ukawakaanga na kuwauza stendi ya Kilosa mpaka vidole vyako vikaacha kuhisi mafuta ya moto. Kisha Mjomba, mdogo wako aliyelowea kisiwani Mafia, akakualika ukapumzike kwake. Majirani walishangaa.

"Kupumzika tu? Huna mgonjwa huko?"

Ukawajibu, "Nakwenda kuvua samaki ambaye sitamkaanga mimi."

Tulikwenda pamoja dukani Kilosa. Muuzaji alitoa ndoano ndogo za mtoni, ukazisukuma pembeni. Akacheka. "Ndoano za baharini nimuuzie nani, mama? Bahari iko wapi hapa?" Ukamwambia aagize, wa kumuuzia ndiye huyo amesimama mbele yake. Zilipofika, na mshipi mnene na chubwi za risasi za kuuzamisha, uliujaribu mshipi kwa kuuzungusha viganjani na kuuvuta hadi ngozi ikabonyea. "Huu utamkata mtu kabla haujakatika," ulisema, ukiwa umefurahi kama bibi harusi.

Safari ikiwa imekaribia, kiharusi kikakupiga. Upande wa kulia ukafa wote, na maneno yakawa yanatoka nusu nusu. Nikaomba ruhusa kwenye gesti ya Mikumi nilikokuwa napokea wageni, nikaja kukuuguza mpaka upate nafuu. Nilidhani ni suala la siku chache.

Wewe hukukubali kwamba safari imekufa. Ulitaka tuchague chambo. Ulishikilia kwamba tubebe nyungunyungu wa hapa nyumbani kwenye kopo lenye udongo, nikampigia Mjomba nikaweka simu karibu na sikio lako.

"Dada, minyoo ya nini? Samaki wa huku anataka ngisi."

"Ngisi... ndiyo nini?"

"Ni laini, ana mikono mingi, hana mfupa."

"Sasa atakaaje kwenye ndoano?"

Alieleza mpaka akachoka. Ukagoma kuweka kwenye ndoano yako kitu usichowahi kukiona. Rafiki yangu wa Morogoro akanunua ngisi duka la samaki, akamtuma kwa basi ndani ya barafu. Barafu iliyeyuka njiani, na harufu ilifika kabla ya mzigo. Ukamgeuza kwa mkono wa kushoto, ukamnusa, ukamkubali kwa kichwa, kwa heshima. Tulimkata vipande virefu kwa kujifunza, mimi nimeshika huku, wewe umeshika kisu, ukavitoboa mara mbili mbili kama Mjomba alivyosema. Alikushauri uweke waya mbele ya ndoano kama unamtaka samaki nguru, kwa sababu meno yake ni wembe. Ukakataa. "Nguru atanivuta mimi. Nitafutie ndoano ya samaki changu, huyo mdogo." Tulicheka mpaka jirani akaja kuchungulia.

Lakini siku nyingi hazikuwa za kucheka. Nikienda bombani naita jirani akae na wewe, nikichelewa anaondoka, nakuta umelowa na umegeukia ukutani. Gesti wakaweka mtu mwingine kwenye nafasi yangu. Nilikuwa nasimama mlangoni kuangalia pikipiki zinazokwenda Kilosa, nawaonea wivu hata abiria waliobeba mkaa. Sikukuchukia hata siku moja, Mama. Ila nilikuwa nahesabu kuta. Nadhani na wewe ulikuwa unazihesabu kutoka kitandani.

Ndipo ukasema twende hivyo hivyo. Njia ya kawaida, ya Dumila, ilikuwa imeharibika, tukakodi gari hadi Mikumi ili tupande basi la Dar. Ulilala kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwangu, na mfuko wa ndoano umeukumbatia. Tukalala kwenye gesti yangu ya zamani, na dereva naye akalala hapo. Asubuhi nilipokuinua ukalegea mikononi mwangu. Jasho lilikutoka, macho yakapoteza mwelekeo, kisha yakarudi.

"Mimi siwezi," ulisema. "Wewe nenda."

"Mama, nikuache hapa?"

"Gari litanirudisha. Jirani yupo. Nenda kwa mjomba wako."

Basi lilifika, likasimama upande wa pili wa barabara. Kondakta alikuwa anaita "Dar! Dar!" na mlango uko wazi. Niliuangalia ule mlango mpaka ukafungwa. Kisha nikamwita dereva wetu, tukakubeba kukurudisha kwenye gari.

Nilitegemea utanishukuru. Tulipofika Chanzuru nikikulaza ulisema maneno yaliyonyooka kuliko yote uliyoyatamka tangu uugue: "Nilikuambia uende. Sasa tumefungwa wawili."

Ulikataa uji wangu jioni ile, na kesho yake pia. Nililia jikoni ili usinisikie. Ulinisikia. Ukaniita, ukanipa mshipi na ndoano, ukanionyesha fundo kwa mkono mmoja na meno, mara ya kwanza, ya pili, mpaka mikono yangu ikalishika. Hukusema samahani na mimi sikusema. Ulikula uji ukiwa umepoa.

Ulituacha wakati wa kiangazi, mchana, nikiwa nakukata kucha. Baada ya arobaini ndugu walikaa kikao. Kaka yangu mkubwa, yule wa Dodoma, akasema, "Wewe huna mume wala watoto. Kaa hapa uangalie nyumba." Wote wakaona ni sawa. Mimi nikaitikia kwa kichwa, na hadi leo nipo.

Mama, hiki ndicho ninachoshindwa kukieleza kwa watu. Hakuna mgonjwa tena. Mlango hauna kufuli. Lakini nikifika Kilosa sokoni moyo unaanza kunidunda kwamba nimechelewa, kuna mtu amelowa, kuna mtu amegeukia ukutani. Nageuza narudi mbio, nafungua, nakuta kitanda kimetandikwa. Mjomba ananipigia kila mara niende. Namwambia ngoja nipalilie, ngoja mahindi yakomae, ngoja mvua ikate.

Jana kaka alipiga kunikumbusha paa la jikoni. Nikamwambia atafute mpangaji.

"Unakwenda wapi?"

"Mafia."

"Kufanya nini?"

"Kupumzika."

Nilisikia watoto wake wanacheza nyuma yake. Kisha akauliza kwa upole kabisa, "Sasa ndugu wakija hapo nyumbani, nani atawafungulia?"

Nikamwambia, "Sijui, kaka."

Tangu nizaliwe sijawahi kumjibu hivyo. Nilikata simu, nikakaa kwenye kitanda chako, nikisubiri mtu anigombeze. Hakuna aliyekuja.

Lala salama, Mama yangu.

Ni mimi,
Kitindamimba wako