Barua Yangu kwa Kamishna

Jumanne, 7 Februari
Nimesahihisha madaftari ya darasa la sita hadi saa kumi. Nusu yao hawajui kugawanya. Chai bila sukari tena. Kisha jirani yangu Mama Ngalula akarudi kutoka sokoni akilia: Bana Remblai wamemkata mkono muuza samaki, mchana, mbele ya watu. Ni wale vijana wanaokaa juu ya kifusi cha mgodi na kujiona wafalme wa Musonoi. Ofisi ya zone, serikali yetu ya hapa, iko mwendo wa dakika kumi. Hakuna aliyekuja. Nawachukia wenye mapanga. Wenye viti nawachukia zaidi.

Jumatano, 8 Februari
Nimemwandikia kamishna wa zone. Kurasa tatu. Hotuba zote za Warumi wa kale nilizosoma seminari zimo humo. Nimedai kila kijana atakayeonekana barabarani na panga akamatwe papo hapo, bila maswali. Avenue nzima, mtaa wetu wote, imetia sahihi. Mama Ngalula ameweka dole gumba. Kabeya, mtoto wa dada yangu ambaye nimemlea, aliisoma akasema, "Yomba, hii ni bukali sana." Nilimjibu kwamba upole ndio uliotufikisha hapa. Najivunia barua hii.

Ijumaa, 10 Februari
Kimya. Kamishna anasoma polepole, au hasomi kabisa.

Jumamosi, 11 Februari
Anasoma.
Leo ilikuwa salongo, kama kila Jumamosi asubuhi. Kila nyumba hutoa mtu wa kukata majani na kuzibua mifereji, la sivyo faini. Kabeya alikuwa na homa, alitaka kulala. Nilimtoa kitandani mimi. Panga nilimpa mimi.
Saa tatu yakaja malori mawili ya askari na kapteni wao. Si watu wa hapa, wanasema Lingala. Wakakusanya kila kijana mwenye panga mkononi. Kabeya. Mutombo, mtoto wa pekee wa Mama Ngalula. Wengine wengi, wote watiifu, majani bado yamewaganda miguuni. Bana Remblai hawajawahi kuja salongo hata siku moja. Walikuwa juu ya kifusi chao wakipiga miluzi. Mmoja akapaza sauti, akituita raia kama redio inavyotuita: "Kazi muzuri, ba-citoyen! Mutusalimie kapteni!"
Sentensi moja ya barua. Yangu.

Jumapili, 12 Februari
Mlangoni mwa kambi ya askari tangu asubuhi. Hawaruhusu mtu kuingia. Mama Ngalula alileta bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo kwa ajili ya Mutombo. Askari wa zamu alipokea sahani, akala mbele yetu, akamrudishia tupu. Mama Ngalula hakunilaumu hata kwa jicho. Ningependa anilaumu.

Jumanne, 14 Februari
Kapteni amenipokea. Barua yangu kwa kamishna iko mezani kwake, sentensi ile imepigwa mstari mwekundu. "Citoyen Mwalimu, si ulisema bila maswali? Mbona leo una maswali?" Nilimweleza habari ya salongo. Anajua. Alijua tangu siku ile. Redio imekwisha kutangaza kwamba Musonoi ni safi, na redio haiwezi kukosea.
Anataka barua ya pili, ya shukrani, isomwe mbele ya watu. Kwa malipo ya barua hiyo atamwachia kijana mmoja. Nichague.
Nilifikiri kwamba siku kama hii ikija nitasimama na kusema. Miaka ishirini nimewatukana waoga kwa maandishi. Nimeandika ile barua mezani pake, kwa kalamu yake. Nimesema Kabeya. Jina la Mutombo sikulitaja.

Alhamisi, 16 Februari
Kabeya yuko nyumbani. Mgongo wake siwezi kuuandika. Hali chakula. Ananipisha mlangoni kama mgeni.
Barua imesomwa kwa kipaza sauti uwanja wa mpira. Watu walipiga makofi kwa sababu askari walikuwa wanawatazama mikono. Mama Ngalula alikuwa mstari wa mbele. Vijana wengine wote walipakiwa malorini jana. Wako wanaosema wamepelekwa Fungurume. Wako wanaosema mbali zaidi.

Jumapili, 19 Februari
Bana Remblai wamempora muuza mafuta ya taa. Wana mapanga yao yote. Sikumwandikia mtu.

Jumatano, 22 Februari
Mvua tangu asubuhi. Mama Ngalula amekuja na karatasi aliyoinunua mwenyewe, imefungwa kwenye nailoni isilowe. Anataka barua ya kumtafuta Mutombo. Nilimwambia aende kwa katekista, anaandika vizuri. Nilimwambia pia nilichokifanya mezani kwa kapteni.
"Najua, Tata Mwalimu. Bote tunajua." Akakaa. "Ile ya kwanza uliandikaka na kasirani. Hii uandike pole-pole. Sema tu ni mutoto wangu, bamurudishe."
Nimeandika mistari sita. Jina lake, umri wake, jina la mama yake, avenue, siku waliyomchukua. Mstari wa mwisho ni maneno yake mwenyewe. Nilimsomea. Akaniomba nisome tena.
Alipoinuka kwenda kuipeleka, Kabeya alitoka chumbani, akachukua mwavuli, akamfuata.