Jiwe Linalotupwa Juu

Kwako Yaya, kaka yangu mkubwa,

Jana nilisoma kwamba bado wanarusha roketi ndogo za kupima hewa ya juu. Nikakuona tena pale Minago, kando ya ziwa, suruali umeikunja, viatu mkononi, miaka ile bendera yetu ilipokuwa ingali mpya.

Mzee Ramadhani, mvuvi, alikuwa mtumbwini na wenzake akipima kina cha ziwa kwa kamba na jiwe. Ukamwambia kuna watu wanaopima anga vivyo hivyo, ila jiwe lao hutupwa juu. Mahali ambapo puto halifiki na setilaiti haiwezi kukaa, roketi hupita kwa dakika chache, ikipima joto na uzito wa hewa.

“Mwalimu, na kule juu iko ndagala?” akauliza, mawazo yake yakiwa kwenye dagaa. Mtumbwi mzima ukacheka.

“Hakuna, muzee. Hata hewa yenyewe iko kidogo sana.”

“Sasa hiyo jiwe yao inarudi na nini?”

“Hairudi. Inaanguka baharini. Lakini inatuma habari kwa redio ikiwa bado njiani.”

“Basi iko na akili. Inasema mbele ya kufa.”

Ulilipenda jibu hilo, ukalirudia darasani Rumonge hadi wanafunzi wakalichoka.

Halafu ikaja 1972, mwaka wa mauaji. Walimu wakaanza kuitwa komine, kwenye ofisi ya serikali. Jirani yetu aliitwa, hakurudi, nawe ulijua. Nilikusihi tuvuke ziwa. Ukachana nywele, ukavaa shati la kazi, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

“Sina kosa miye. Funika chai yangu, nakuja sasa hivi.”

Hasira yangu kwako haijaisha, Yaya. Waliokuita wamezeekea majumbani mwao, wajukuu magotini, na hakuna hata mmoja aliyesema lori lililowabeba kutoka komine liliishia wapi. Mama alifia kambini Tanzania akiuliza ulipolazwa. Watu wanajua uzito wa hewa mahali ambapo hata ndege hafiki. Shimo lililochimbwa kwa jembe, nchi kavu, pengine mwendo mfupi tu kutoka mlangoni kwetu, halijulikani.

Chai niliifunika kwa sahani. Mama hakukubali imwagwe, hadi siku tuliyokimbia.

Habari uliyotuma ni hiyo tu: funika chai, nakuja. Nimeisikiliza mpaka nimezeeka, na haisemi ulipoangukia.

Lala basi, popote walipokuweka.

Mdogo wako