Wavu Umefungwa Mbele, Nyuma ni kwa Mama Mkwe

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla sijafungua mdomo, maana nikiufungua leo yatatoka maneno yasiyorudi, na anayestahili kuyasikia ni mume wa binti yangu, mtu ambaye tangu amuoe sijawahi kumpandishia sauti.

Mimi ni fundi cherehani, nashona kwenye kibaraza cha uani kwa sababu ndiko kuna mwanga, na ng'ambo ya ukuta mfupi wa ua wangu kulikuwa na kiwanja kitupu ambacho tajiri mmoja ameamua kukijenga ghorofa, na kazi akampa mkwe wangu ambaye ni mkandarasi. Nilifurahi, sikufichi. Kabla msingi haujachimbwa mkwe alikuja na mkewe, akakaa kwenye kochi langu ameinamisha kichwa kama kawaida yake, akasema, "Mama, majirani hawanijui, wewe wanakusikiliza. Naomba unisemee." Basi nikavaa viatu vyangu vya kutokea nikapita nyumba kwa nyumba nikisema huyu ni mwanangu, ameahidi kufunga wavu pande zote ili kitu kisianguke, vumbi litamwagiwa maji, malori hayatapita saa watoto wanapokwenda shule, maji ya kuoshea mashine ya zege hayataingia kwenye mtaro wetu, na mwenye shida yoyote aje kwangu. Jirani yangu mwenye duka la dawa alisema, "Kama unamdhamini wewe, sisi tuna neno gani?"

Sasa wanakuja kweli. Asubuhi sijaweka hata uzi kwenye sindano, mtu yuko mlangoni. Mara maji ya saruji yameganda mtaroni, mtaro umeziba na mvua imeingia jikoni kwa watu, mara lori limekwangua ukuta wa mtu, mara vumbi, na mimi mwenyewe nilimshonea bibi harusi gauni jeupe likakaa kibarazani nusu siku, alipokuja kulichukua akaniuliza kama hiyo rangi ya jivu ndiyo fasheni mpya. Nikimpigia mkwe anajibu, "Sawa mama, nitashughulikia," na anavyojibu kwa upole unaona aibu hata kuuliza tena.

Kisha wavu ukaja, mshauri, mpya, wa kijani, wakaufunga upande wa barabarani ukanyooka kama pazia la sebuleni. Upande wangu hakuna kitu, ni miti ya jukwaa la kupandia mafundi na mbao na anga. Nikasubiri, nikasema labda kesho, labda umeagizwa mwingine, mpaka nikamuuliza msimamizi wao, mtu mmoja mcheshi wanamwita Kamanda, wavu wa huku unakuja lini. Akacheka. Akaniambia, "Mama, bosi alisema huku nyuma ni nyumbani. Wavu tumeuweka kule anakopita mkaguzi na mwenye jengo. Huku ni kwa mama, nani atatushtaki?" Alisema bila ubaya wowote, kama mtu anayenipa sifa, nami nikarudi kwenye cherehani yangu nikashona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia.

Na si wavu tu, hata mafundi wenyewe wamegawanywa hivyo hivyo, wa mbele wana kofia ngumu na mikanda ya usalama, wa nyuma hawana. Kuna mmoja anajenga tofali juu ya kichwa changu kabisa, amevaa kandambili, amejifunga kamba ya katani kiunoni na kamba yenyewe ameifunga kwenye mti ambao nao umefungwa kwa kamba, ananiamkia kila siku kutoka huko juu, na aliwahi kunishushia suruali yake kwenye ndoo nimwekee kiraka.

Wiki iliyopita jirani wa duka la dawa alikuja kushonewa, alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, nikamwambia ingia ndani ujiangalie kwenye kioo. Hajamaliza hata kugeuka kuangalia mgongo, tukasikia mlio. Tofali lilitoboa bati likatua kwenye kile kiti alichotoka kukalia. Kiti kilibaki kuni. Yule mama alikaa chini sakafuni na gauni lenye pini.

Jua halijazama, mkwe alifika na bati jipya na kiti kipya. Alifagia vipande mwenyewe, kwa mikono yake, suti na yote. Akaniambia, "Mama, ya nyumbani tuyamalize nyumbani." Nikamuuliza, na wavu? Akasema, "Sawa mama, nitashughulikia." Kesho yake kazi ikaendelea kama jana, wavu hakuna, na sasa wameanza kupandisha ghorofa nyingine juu ya hiyo.

Jirani anataka twende kwa mkaguzi wa majengo, na anataka niende naye kwa sababu tofali limeanguka kwangu. Binti yangu amepiga simu analia, anasema, "Mama, ukienda kazi itasimamishwa, nami nitaishije na mwanamume aliyeponzwa na mama yangu?" Nina hasira hadi najichoma sindano. Nikinyamaza, majirani niliowapigia hodi watanionaje? Nikisema, ndoa ya mwanangu itavunjika. Niambie mshauri, nimwokoe nani, binti yangu au jina langu?

Mama Mkwe, Mshonaji


MSHAURI ANAJIBU

Mama, pole kwa bati, pole kwa kiti, pole kwa gauni la bibi harusi. Mpe pole zaidi jirani yako, ambaye yuko hai leo kwa sababu alitaka kuona mgongo wa gauni. Pole zangu zimeishia hapo, sasa tuseme.

Mkwe wako ana adabu ya mdomoni. Anainamisha kichwa, anakuita mama, anafagia akiwa na suti, halafu anaweka wavu kwa mgeni na kukuachia wewe matofali. Mtu anayekuheshimu angeanza kufunga wavu upande wako, ndipo aende kumpendezesha mkaguzi. Huyu alipiga hesabu akaona kwamba katika watu wote wanaozunguka lile jengo, ni mmoja tu asiyeweza kumfokea, akaamua hatari yote ielekezwe huko. Na malalamiko ya mtaa mzima akakuletea wewe uyapokee. Upande wa nyuma una wavu, mama. Wavu ni wewe.

Nimekasirika kwa niaba yako, lakini nawe usikae ukingoja nikubembeleze. Ulipokwenda kumsifia ulivaa viatu ukapita nyumba kwa nyumba. Leo ni zamu ya kusema kweli, miguu imeingia ganzi? Majirani hawakumkubali yeye, walilikubali neno lako. Mwenye duka la dawa alikaa chini ya jukwaa lile kwa sababu ulimwambia ni salama. Deni hilo huwezi kulilipa kwa kiti kipya.

Halafu unaniuliza umwokoe binti yako au jina lako. Nimeisoma barua yako mara mbili nikimtafuta mtu mwingine kwenye hilo swali, sikumwona. Yule fundi wa kandambili umemtaja kwa ajili ya suruali, ukapita. Kama tofali limeweza kuchomoka likashuka, na yeye ataweza. Kamba ya katani iliyofungwa kwenye mti unaoshikiliwa na kamba nyingine haimzuii mtu kuanguka, inaanguka naye. Huyo mwanamume naye ni mkwe wa watu. Kuna mama mahali fulani anayewaambia wenzake kwamba mume wa binti yake amepata kazi kwenye ghorofa. Mama huyo hajui mkwewe yupo upande gani wa jengo. Wewe unajua, unamwona ukiinua macho.

Kwa binti yako, mpigie leo na usimwache alie kwanza ndipo useme. Mwambie kazi ikisimamishwa wiki moja mumewe atanuna, na kununa kunaisha. Mtu akifia pale mumewe atasimama mahakamani, na yeye atakuwa anampelekea chakula mahabusu. Kama anaitaka ndoa yake, agombane naye sasa, nyumbani kwao, kuhusu wavu. Asikuletee wewe machozi ambayo angempelekea mumewe yangefanya kazi.

Mkwe mwite mchana, getini pa jengo, majirani wakiwepo. Sebuleni kwako usimkaribishe, kwenye lile kochi atainamisha kichwa na utalegea. Mwambie mbele ya watu kwamba dhamana uliyompa umeiondoa. Upande wa nyuma kazi isimame mpaka wavu ufungwe, na mbao za ukingo ziwekwe kwenye jukwaa ili tofali lisiteleze. Kila anayepanda apande na viatu, kofia ngumu na mkanda uliofungwa kwenye kitu kinachoshika, awe mbele au nyuma, awe anaonekana au haonekani. Achimbe shimo la maji ya saruji ndani ya kiwanja chake na auzibue mtaro alioujaza. Na abandike namba yake ya simu getini kwa maandishi makubwa, ili mwenye shida ampigie yeye. Wewe una nguo za watu za kushona.

Akisema "sawa mama, nitashughulikia," mwulize lini, mbele ya wote, na usiondoke mpaka ajibu.

Na kwa mkaguzi uende, hata akikubali kila kitu. Sikwambii ukishindwa ndiyo uende. Nenda. Tofali lililotoboa paa la mtu haliwezi kuwa jambo la kumalizia nyumbani, na bati jipya lisikufanye useme hukuona la zamani. Mkaguzi naye mpitishe uani kwako, aone jengo kutoka unapokaa wewe, maana inaelekea hajawahi kufika huko. Heshima anayokudai mkwe hapo ni moja, kwamba asikie kutoka kwako kabla ya kusikia mtaani. Ukishamwambia umemaliza. Cherehani ihamishie mbele ya nyumba, mwanga wa huko utauzoea.

Hayo yatachukua muda, siku moja, pengine mbili, na sasa hivi unaposoma hapa yule fundi yuko juu. Basi weka gazeti chini. Toka uani, simama mbali na jukwaa, umwite ashuke, yeye na wenzake wa upande huo. Kamanda akija kucheka, mwambie mama mkwe wa bosi amesema. Cheo hicho kimekunyamazisha vya kutosha, leo kitumie. Watashuka, hakuna atakayekubishia. Na wakiuliza wapande tena lini, wajibu wavu ukishafungwa.