Karavani la Vitanda Vinne

Mpendwa Bi Nasriya,

Naomba unisaidie na naomba usinicheke, maana jambo linaloniumiza ni gari lisilokuwa na injini. Mwanangu Saud anataka kununua karavani, kile kijumba cha magurudumu kinachofungwa nyuma ya gari kikavutwa, chenye vitanda na jiko na choo ndani, ili msimu wa khareef, mvua zikishaanza kule Salala na sisi huku Maskati tunaungua, aichukue familia yake wakapige kambi milimani. Mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, nakaa naye hapa Sib, na yeye aliniomba nimsaidie kuchagua kwa kuwa, alivyosema mbele ya mkewe, "Mama haachi kitu hajakipima," nami nikafurahi kuliko inavyomstahikia mtu wa umri wangu.

Nikueleze kwa nini nilifurahi. Unguja niliondoka mtoto, na watu wakinizungumzisha habari za nyumbani hudhani nnaukumbuka mji, mabaraza na milango, lakini mie ninachokikumbuka zaidi ni kuhama. Ukifika msimu wa karafuu nyumba yetu nzima ya Malindi, pale mjini Unguja, ilihamia shamba, upande wa Mwera, lori linakuja asubuhi, inapakiwa mikeka na masufuria na kuku waliofungwa miguu na bibi yangu na birika lake la kutawadhia, na kule tulilala chini sote safu moja, wakubwa ukutani, watoto kati, na jioni tukishakula zilimwagwa karafuu zilizochumwa mchana, tukazizunguka, tukachambua, karafuu huku makonyo, vile vijiti vyake, kule, na kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi midomo ilikuwa huru, basi yote ninayoyajua juu ya ukoo wangu niliyasikia pale, nani kamposa nani akakataliwa, nani kagombana na nduguye kwa ajili ya ng'ombe, na mjomba wangu mmoja ambaye mjini alikuwa hasemi neno, shamba akituimbia. Na hakuna aliyekuwa akiulizwa kama atakwenda. Mkeka ukitandikwa ulikuwa umeshakuhesabu.

Sasa Saud aliponionyesha kwenye simu yake picha ya kijumba kile kimesimama ndani ya ukungu wa Salala, na migomba nyuma yake imelowa, Bi Nasriya, mimi nilisikia harufu ya makonyo mabichi, hapa, sebuleni Sib, na kiyoyozi kinanguruma.

Siku hiyo hiyo, tukinywa chai, akaniuliza, "Mama, nawe utakuja nasi?" Nikamjibu kama tulivyofundishwa kujibu: "Aa, nendeni nyie mwanangu, mie mzee, nitakuharibieni safari." Akasema, "Kama unavyopenda, Mama," akaendelea kutia sukari. Unajua mwenyewe kwetu mtu haitiki mara ya kwanza. Mara ya kwanza ni heshima, mara ya pili ni mapenzi, na ya tatu ndipo unapovaa viatu. Nilikaa nikingojea mara ya pili na mpaka leo nangojea, lakini hilo silo ninalokuandikia.

Ninalokuandikia ni sakafu. Tulikwenda yadi moja ya karavani upande wa Barka, Saud na mkewe Ghadeer, ambaye ni mtoto wa Nizwa na Kiswahili chake ni cha majina ya vyakula, na wajukuu zangu Noof na Ayman, na mimi na sinia langu. Lile kubwa la shaba. Sisi tunakula chini, sinia moja, na nilitaka kujua kama sakafu inalichukua na watu wakapata pa kulizunguka. Muuzaji, kijana jina lake Musallam, akaniita Walida, kama vijana wa hapa wanavyowaita mama wa watu.

"Walida, umetuletea chakula?"

"Nimeleta kipimo."

Noof akaficha uso ndani ya abaya ya mamake kwa haya. Nikalipitisha sinia mlangoni ubavu ubavu, nikaliweka chini kati ya jiko na kitanda, nalo likakaa vizuri, ila waliobaki bila pa kukaa ni watu, labda mmoja apande juu ya jiko.

"Humu mtu anakula mezani," akasema Musallam, akanionyesha kimeza na viti vyake vilivyobanwa ukutani. "Wawili huku, wawili kule."

"Na wa tano?"

"Wa tano nani, Walida? Hili ni la watu wanne. Vitanda vinne."

Na Saud, bila ubaya wowote, akamwambia huku anacheka, "Mama haji. Yeye mkaguzi wetu tu."

Tangu siku ile nimekuwa mkaguzi kweli. Kila karavani wanalolipenda mimi nalitia ila. Moja nilisema matairi yake yamekaa juani mpaka yamepasuka, na hilo lilikuwa kweli. Jingine nikasema harufu. La tatu nikasema choo chake kimeelekea Kibla, na Saud akaniangalia kwa huruma akanambia, "Mama, kitaelekea popote nitakapoliegesha," mimi niliyefundisha pande za dunia watoto wa watu mpaka nikastaafu. Ghadeer hakucheka. Jioni yake nilimsikia jikoni anamwambia mumewe, "Mamako hataki twende."

Sasa Saud ameamua. Anachukua lile la kwanza, la vitanda vinne, kwa sababu anasema la vitanda sita ni zito na gari lake halina nguvu ya kulivuta kwenye ile milima, na Musallam amekubali kumwekea mpaka Jumamosi. Nami sijui nifanye nini. Nimshikilie achukue la vitanda sita? Niseme wazi kuwa sinia halina pa kuzungukwa na familia isiyoweza kula pamoja ni bora ibaki nyumbani? Au ninyamaze, wakaondoka, nikabaki na kiyoyozi? Jina langu liandike gazetini, usilifiche. Saud Kiswahili anakisema, kukisoma hajui.

Kheiria, Sib.

*

Mwalimu Kheiria,

Pole. Nimekusoma mara mbili, mara ya pili kalamu mkononi, kwa kuwa nawe ulikuwa ukisahihisha na hutaona vibaya. Umeandika mikeka, kuku, makonyo, matairi, choo na Kibla. Neno nililolitafuta kutoka juu mpaka chini sikulikuta: nataka kwenda. Hukuniandikia mimi, na mwanao hukumwambia. Unaniuliza vitanda vinne au sita, na hilo si swali lako. Hata angelinunua la vitanda kumi, ungelikuta kasoro katika kile cha kumi, mradi hakuna aliyekwambia ni chako.

Na huyo Saud ana kosa gani? Ulimlea atii. Mamake kamwambia haji, naye katii, sasa unamnunia kwa utii uliomfundisha mwenyewe. Hiyo adabu ya kukataa mara ya kwanza naijua, nimekulia humo, na kwa ajili yake nimeshaondoka majumbani mwa watu na njaa mara nyingi. Ni adabu nzuri ikiwa wawili wote wanaijua. Mwanao amekulia Sib. Akiuliza anauliza, akijibiwa amejibiwa. Na hata huko shamba kwenu, umeandika mwenyewe, haikutumika: hakuna aliyekuwa akiulizwa. Sasa mtu ambaye hajalala hata siku moja kwenye ile safu unamtaka ajue kuwa mkeka umeshakuhesabu?

Ghadeer ndiye ninayemsikitikia. Wewe umelitia ila tairi, yeye amesikia umeitia ila safari yake. Mwombe radhi, na umwombe kwa Kiarabu chepesi, si kwa majina ya vyakula.

Tuje kwenye karavani. Saud ana haki: gari lisivute lisichokiweza, na njia ya Salala ni ndefu, jangwa tupu lenye upepo wa ubavuni, halafu milima. La vitanda vinne linatosha. Wewe mtu wa vipimo, umepima sakafu kwa sinia, lakini je, ulimuuliza Musallam kile kimeza kinateremka? Vimeza vingi vya namna hiyo hushushwa, yale matandiko ya viti yakapangwa juu, kikawa kitanda cha chini, karibu na mlango na karibu na choo, ndicho kinachofaa magoti yako. Kama kimeshahesabiwa katika hivyo vinne, basi Noof na Ayman walale nje chini ya turubai. Watoto hawatalalamika, watakaolalamika ni wazazi wao. Muulize pia turubai la ubavuni likikunjuliwa linafika wapi, kwa sababu sinia halikuumbiwa sakafu ya karavani. Nenda madukani Hamriya kanunue mkeka mkubwa, utandikwe nje, na kila mtu atapata pa kukaa. Hayo matairi uliyoyaona kwenye lile jingine, yakague na ya hili, hiyo ni kazi njema na usiiache. Msiende Salala moja kwa moja. Laleni kwanza ufukwe wa karibu siku mbili, muone kinachovuja na anayekoroma. Na usithubutu kukaa ndani ya karavani likivutwa. Kaa ndani ya gari. Gari la Saud lina kiti cha tano tangu siku lilipoundwa.

Neno moja zaidi, kwa kuwa nami nina Mwera yangu, ingawa yangu haiko Unguja. Salala si shamba la babako. Utaona minazi na migomba na manyunyu, moyo utakudanganya asubuhi ya kwanza, na mchana atapita ngamia katikati ya njia uukumbuke ukweli. Ukitaka kulia, lia. Lakini ukilia usiwape watoto hadithi ya karafuu. Wape kitu cha kuchambua. Nunua kunde mbichi sokoni, uzimwage juu ya lile sinia wakishakula, wakae wazunguke, maganda huku, kunde kule, na simu zao hawatazishika kwa kuwa vidole vina kazi. Usiseme chochote. Ngoja uone nani ataanza kuuliza. Mimi naweka dau kwa Ghadeer.

Umeniandikia barua nzuri katika lugha ambayo mwanao hawezi kuisoma. Lakini akiisikia anaielewa. Basi leo, kabla ya Jumamosi, si kwa kupitia kwa Noof, si kwa kuguna, si kwa kumwambia "basi nyie mtakula nini huko bila mtu mzima", mwite umwambie kwa maneno matatu: Saud, nataka kwenda. Kisha ufunge mdomo. Na akikujibu papo hapo, mara ile ile ya kwanza, "Karibu, Mama," nakukataza kusema "Aa, nendeni nyie."

Vaa viatu.

Nasriya