Kamati ya Chakula cha Msiba

Jumatatu, 4 Machi

Orrin amefariki alfajiri. Miezi minne kitandani, na Marlys mkewe hakubanduka. Nimempelekea bakuli la tambi na jibini. Akaniuliza kwa aibu, eti kamati itapika Ijumaa baada ya mazishi? Nikamwambia itapika, si ndiyo kazi yake. Kamati hii tuliianzisha sisi saba hapa kanisani, na Marlys mmoja wetu, ili mfiwa asiguse sufuria siku ya kuzika. Hakuna sababu nyingine.

Jumanne, 5 Machi

Kikao. LaVonne, mwenyekiti wetu, na katiba yake ndani ya jalada la plastiki. Akasoma kwamba Marlys amekosa vikao vitatu mfululizo, si mwanachama tena. Kwamba wanaopikiwa ni familia za wanachama tu. Nikasema, jamani, alikuwa anamuuguza mumewe! Hakuinua hata macho. "Dada Ardis, bila kanuni sisi ni wanawake tu wenye visu jikoni."

Lakini ndivyo tulivyokuwa. Wanawake wenye visu jikoni — na watu wakila wakashiba.

Wakapiga kura. Mikono juu, wote isipokuwa mimi. Mmoja kanyoosha huku analia. Sasa unalia nini?

Jumatano, 6 Machi

Nikasema nitapika mwenyewe, hapa kwangu. Nimeshanunua paja la nguruwe, mikate, siagi. LaVonne kapiga simu — nani kamwambia? Anayepika nje ya kamati amejitoa kwenye kamati. Kisha, kwa ule upole wake wa sumu: "Na moyo wa Harlan unaendeleaje, shoga?"

Harlan ni mume wangu, ana miaka themanini na moja. Nikajibu, anaendelea vizuri, asante. Nikarudisha nyama kwenye friza.

Najichukia. Tulianza kwa kuoneana huruma. Leo tumebanana humo kamatini kwa woga tu, kila mtu anaogopa msiba wake.

Alhamisi

Sikwenda kwa Marlys. Ningemwambia nini?

Ijumaa, 8 Machi

Niko chooni, chini ya kanisa. Tumemzika Orrin, theluji magotini. Tukashuka ukumbini — meza zimeandaliwa. Marlys, kumbe ameshaambiwa, kapika mwenyewe, kwake, kaleta kila kitu kwa gari. Mikate ya nyama, kachumbari ya matango, keki. Gauni jeusi, aproni juu yake, anapita na birika la kahawa. Mjane! Na kamati nzima tumekaa meza moja, tunahudumiwa. LaVonne kanyoosha kikombe, kajaziwa, kasema kahawa tamu. Nikaweka uma chini, nikakimbilia huku.

Mlango unagongwa. Ni Marlys. "Ardis, mwenzangu, unaumwa? Toka ule. Nimekufungia na ya Harlan, umpelekee."

Bado amesimama hapo nje, naona viatu vyake chini ya mlango.