Mbegu Zilizovuka Kamanga

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, shikamoo yako nimeipata. Hapa Buswelu tupo, ila magoti yamechoka na babu yako anakohoa kidogo. Je, huko Dodoma unakula vizuri?

Uliniuliza mbona nagawa mbegu za tikiti letu wakati zenyewe ni chache. Nilipokuwa msichana, mama aliacha tikiti moja la mbegu, akaniambia nisiliguse mpaka kikonyo chake kikauke. Wakaja wageni mama hayupo, nikaona aibu kuwapa maji matupu, nikalikata. Mbegu zilikuwa nyeupe, changa, na hatukuwa na nyingine. Mama aliporudi nikawa nalia. Akasema tu, "Wageni walikula lakini?" Kesho yake akavuka ziwa kwenda Kamanga kwa dada yake, ambaye mama aliwahi kumgawia mbegu hizo hizo. Akarudi na mbegu za kiganja kimoja. Ndizo ninazopanda mpaka leo.

Mwaka huu mgongo umekataa, nimepanda mashimo mawili tu. Nimekuwekea mbegu kumi humu ndani ya bahasha. Panda hata kwenye ndoo kuukuu, mama. Zangu zikikosa kuota, nijue pa kuja kuomba.

Bibi yako