Wakili wa Kusoma kwa Sauti

Jumatatu, 15 Septemba 2008

Wiki ya pili Bariadi. Chumba kina kitanda, meza, na ukuta uliopakwa rangi ya kijani nusu tu — rangi iliisha au fundi alikimbia, sijui. Joho langu la uwakili nimelitundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Sijalivaa tangu siku ya kuapishwa.

Nijiandikie ilivyokuwa, maana kwa simu mama hanielewi. Kule Dar tulikuwa mawakili wadogo sita, kazi yetu kuandika mikataba ya wateja mpaka macho yanauma. Mwezi wa sita Bwana Constantine, mkuu wetu, akatuita. Kuanzia sasa mikataba itaandikwa Bangalore, India. Huko kuna ukumbi mzima wa mawakili, wanaandika kwa bei ya kutupa, na asubuhi ukifika ofisini kazi unaikuta kwenye kompyuta. Soko huria, alisema, hata sheria ni bidhaa. Wenzangu watano wameondoka. Mimi nimebaki — si kwa akili, kwa Kisukuma! Mteja ni kampuni ya pamba. Inakopesha wakulima mbegu na dawa, na inataka kila mkulima asomewe mkataba kwa lugha yake mbele ya wakili kabla hajaweka dole gumba. Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Oktoba. Nikifaulu, ajira ya kudumu na ofisi yangu hapa hapa. Nisipofaulu sina pa kwenda, maana ofisi nyingine za Dar nazo zimeanza kupeleka kazi huko huko.

Kwa hiyo: wakili wa kusoma kwa sauti. Haya.

Alhamisi, 18 Septemba 2008

Nikipita mtaani mazungumzo yanakatika. Wananisalimia vizuri sana, "Mwangaluka, Wakili," halafu kimya mpaka nipotee. Mama Justina mwenye nyumba amenieleza kwa wema tu: watu wanadhani nimekuja na kesi ya mtu, kila mmoja anajiuliza ni yake. Jamani! Sijawahi kusimama mahakamani hata siku moja.

Nimekula ugali na dagaa peke yangu. Nikajikuta nabishana na mtangazaji wa redio.

Jumapili, 21 Septemba 2008

Kanisani. Wakati wa kutakiana amani bibi mmoja alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaufinya. Ndio mkono pekee nilioshika wiki nzima. Nilitaka kulia, nikajifanya vumbi limeniingia machoni.

Jumatano, 24 Septemba 2008

Mwandoya leo. Nimechoka lakini lazima niandike.

Tumeenda na Mashimba, meneja wa kampuni upande huu. Gari ni lao, na sauti yake ndiyo imelijaza — anaongea njia nzima bila kumeza mate. Wakulima walikuwa wametusubiri kwenye ghala la pamba, wazee mbele, kina mama pembeni. Wa kwanza kutia dole alikuwa awe mzee Masunga. Ana zizi kubwa kuliko wote, akikubali yeye wengine watafuata, Mashimba alinidokeza.

Nikaanza kusoma. Kiingereza kiko mkononi, Kisukuma kinatoka mdomoni. Nikafika kwenye dhamana: mkulima akishindwa kulipa mbegu na dawa, kampuni itachukua mifugo yote iliyo katika zizi lake. Kwa Kiingereza kifungu hicho nilishakisoma mara tatu mezani kwangu, nikaona kimenyooka. Kwa Kisukuma ulimi ukakwama katikati. Yote iliyo katika zizi lake! Ng'ombe wa mama yangu wawili wako wapi? Kwa mjomba kule Sola, tangu baba afariki. Mjomba anawachunga, maziwa anakunywa yeye, ndama ni wa mama. Kubilisa, tunaita. Mtoto wa miaka mitano kwetu anajua kwamba ng'ombe wa zizini si lazima wawe wa mwenye zizi. Na mimi, Msukuma mwenye digrii, nimekipitisha kama mtu wa Bangalore.

Nikawatazama. Wote wanaangalia miguu yao. Hakuna aliyeuliza kitu! Nikaelewa, nikazidi kuogopa. Mtu hasemi hadharani ng'ombe gani ni wake na yupi amewekeshwa. Huulizi, hutaji. Mzee kama Masunga aseme mbele ya kijiji kizima "wengi si wangu"? Afadhali atie dole kwenye chochote.

Akanyoosha mkono. "Lete wino, ng'wanone," akaniita mwanangu. "Mvua haimngoji mtu."

"Baba, nisamehe," nikasema. "Muhuri wa kushuhudia nimeusahau Bariadi."

Muhuri ulikuwa kwenye mkoba, unanichoma paja.

Mashimba alingoja mpaka tulipoingia garini. Hapo sasa! Umeusahau au umeuficha? Unajua wamefunga safari toka wapi? Kama hutaki kazi sema, wanasheria siku hizi wako wengi kama kumbikumbi. Nikamweleza habari ya kubilisa. Akakiri naye ana ng'ombe kwa watu, kwao Mkula. Halafu akasema hayo ni ya nyumbani, hili ni la ofisi.

Alhamisi, 25 Septemba 2008

Nimempigia Bwana Constantine. Amesikiliza, amepumua. Kazi yako si kuandika, Esteria. Ukiandika wewe, mteja atalipa mara mbili. Mwandikie aliyeuandika, anaitwa Kavitha, yuko Bangalore. Lakini fanya haraka, na usinizulie mgogoro na mteja.

Nikaenda kafe ya intaneti ya Shija. Mtandao unatembea kwa magoti. Nimemwandikia huyo Kavitha kwa ukali kidogo, nakiri. Yeye ndiye anayekaa kwenye kiti changu.

Jumamosi, 27 Septemba 2008

Amejibu! Nilitegemea mistari miwili ya kizungu cha ofisi. Ameomba radhi kwanza. Halafu maswali: ndama ni wa nani? Ng'ombe akifa, mchungaji anaonyesha nini kama ushahidi? Mwenye ng'ombe akifa, je? Kuna shahidi siku ya kukabidhi? Na swali lililonishangaza — nifanyeje kumlinda mkulima bila kumlazimisha kutaja mbele za watu kipi chake na kipi si chake? Hilo la aibu nililigusa kwa mstari mmoja tu. Amelishika.

Nimeandika kurasa tatu. Ngozi inapelekwa kwa mwenye ng'ombe. Shahidi yupo, na pombe ipo. Maziwa, samadi, kila kitu. Nilipomaliza kafe imejaa watu wapya, sikuwaona wakiingia.

Leo nimefurahi. Niandike hivyo hivyo: nimefurahi.

Jumatano, 1 Oktoba 2008

Kavitha anasema kwa bibi yake, kijijini, wanaweka mbuzi kwa majirani vivyo hivyo. Hakuwahi kufikiri ni sheria. Anasema ukumbini kwao wako mia na zaidi, kila mtu na kizuizi chake cha mbao, na chakula cha mchana wanakula wakitazama skrini. Yeye pia hajawahi kusimama mahakamani. Anaishi hosteli ya wasichana wafanyakazi, mwenzake wa chumbani anafanya zamu ya usiku, hawaonani.

Nilikuwa namchukia kwa bidii sana tangu mwezi wa sita. Sasa sijui hiyo chuki niipeleke wapi.

Ijumaa, 10 Oktoba 2008

Mkataba mpya umefika. Mzuri! Kampuni itashika ng'ombe tu ambao mkulima mwenyewe amewaonyesha, faragha, kwa wakili, na waliowekeshwa hawaguswi wala hawaandikwi. Mfupi, safi. Kuna sentensi mbili ambazo ni zangu kabisa, amezihamisha kama zilivyo. Nilizisoma kama mtu anayetazama picha yake.

Alhamisi, 16 Oktoba 2008

Mwandoya tena. Safari hii nimesoma mwanzo hadi mwisho bila kukwama. Kwenye kifungu cha ng'ombe kina mama walicheka — kicheko cha kushusha pumzi. Masunga alinifuata nyuma ya ghala, tukaelewana mambo yake huko, wawili tu. Walio wake ni wachache kweli. Sitaandika idadi yao hata humu.

Alipokwisha kutia dole akaniambia, "Ule muhuri wako umeonekana?"

"Umeonekana, baba."

"Vizuri. Kitu kikipotea kwa akili, kinarudi."

Akanipa kuku. Kuku mzima, hai, nimerudi naye Bariadi miguuni mwangu kwenye gari la kampuni, anamnyea Mashimba mkeka. Hata Mashimba alicheka! Halafu akaniomba kitu: nisome mkataba wote kwa Kisukuma kwenye kinasa sauti, kwa ajili ya kumbukumbu ya ofisi. Nikasoma palepale barabarani, gari limezimwa. 

Bwana Constantine amepiga simu jioni. Kazi nzuri sana, mteja amefurahi sana. Nimepika kuku, nimempelekea Mama Justina nusu. Amekaa kitandani kwangu tukala pamoja. Mgeni wa kwanza.

Jumatatu, 20 Oktoba 2008

Nimeulizia bei ya chumba cha mbele barabarani, kilichokuwa duka la vitenge. Ofisi. Nimeona hata pa kuweka benchi la wateja.

Ijumaa, 24 Oktoba 2008

Bwana Constantine tena. Sauti ya asali, nikajua. Mkataba sasa umekamilika, Esteria, hauna tatizo tena, na hiyo ni kwa sababu yako. Bangalore wameuweka kama mkataba wa mfano, utatumika Meatu, Maswa, kanda nzima. Kusoma — sauti yako ipo kwenye kinasa. Yale ya faragha na ya kushuhudia, mtendaji wa kijiji atayafanya. Kwa hiyo hatuoni haja ya wakili huko. Mwisho wa mwezi tunamaliza, kama tulivyokubaliana kwamba ni majaribio. Nitakuandikia barua nzuri ya kukutambulisha popote utakapoomba.

Nikamuuliza, popote ni wapi? Akasema nisiwe na hasira, dunia ndivyo inavyokwenda.

Shukrani ya punda ni mateke. Na punda nilimbeba mwenyewe.

Kilichoniuma si yeye. Kilichoniuma ni kwamba kama ningenyamaza, kama ningegonga muhuri ile siku ya kwanza, wangenihitaji mpaka leo. Kila msimu kesi, kila kesi wakili. Ng'ombe wa watu wangekwenda, mimi ningebaki. Nimekaa na hilo wazo jioni nzima na halinipi hata raha ya kujiona mwema. Nina hasira tu. Natamani mtu wa kumwambia. Mama nikimwambia atalia, Mama Justina atauliza kodi.

Jumamosi, 25 Oktoba 2008

Siku ya gulio. Nilikuwa nanunua nyanya nikasikia mtu anasoma kwa Kisukuma, kwa sauti kubwa, vizuri. Gari la kampuni, spika mbili juu. Sauti yangu! Watu wamesimama wanasikiliza. Mwanamke aliyekuwa ananipimia nyanya akasema huyo binti anasoma vizuri, ni wa wapi? Nikasema sijui.

Nikalipa, nikaondoka. Sauti ilinifuata mpaka kona ya kituo cha mafuta.

Jumanne, 28 Oktoba 2008

Sijatoka. Mama Justina amegonga, nimesema naumwa kichwa.

Ijumaa, 31 Oktoba 2008

Siku ya mwisho ya kazi. Hakuna kazi. Nimekuja kwa Shija kutuma maombi Mwanza, ofisi mbili. Moja imejibu hapo hapo: hatuajiri waandishi wa mikataba kwa sasa, tunatumia huduma ya nje ya nchi. Wangeniandikia kwa Kisukuma angalau ningecheka.

Naandika haya hapa hapa kafe, huku ukurasa unafunguka polepole. Kuna barua ya Kavitha.

Hajui kitu. Hawakumwambia, kwa nini wamwambie. Ana furaha, amepandishwa, kwa ajili ya ule mkataba. Mkuu wake sasa anataka kijitabu cha mila za Wasukuma kwa kazi nyingine zitakazokuja: mahari, urithi, mashamba, wajane. "Nikawaambia ninaye rafiki huko, ni wakili, anajua kila kitu." Anasema hawakutenga malipo kwa hilo, ameona aibu kuniomba, lakini hakuna mwingine wa kumuuliza. Halafu mwishoni: unaendeleaje? Umekuwa kimya, nimekuwa nikifungua barua kila asubuhi.

Nikaandika "Hapana." Neno moja, kwa Kiingereza. Nikalitazama. Akishapata hayo yote, hapa Usukumani hapatabaki kipande cha sheria ambacho mtu atanihitaji mimi kukieleza. Najua hilo. Si mtoto. Nikilituma hili neno moja angalau kitu kimoja kitabaki changu, na nitatoka hapa, nitavuka barabara, nitafika chumbani, na hakuna binadamu atakayeniuliza lolote mpaka Jumapili.

Nimelifuta.

Swali lake la kwanza ni la mjane: mume akifa bila watoto, zizi ni la nani? Swali zuri. Wanasheria wengi wa Dar wangekosea. Nimeanza, nimemweleza kwanza tofauti ya ng'ombe wa mahari na wa kununua, maana bila hapo hataelewa linalofuata.

Shija anauliza kama naongeza muda. Nimemwambia aongeze. Bado niko aya ya pili, na habari ya wajane ni ndefu